Vilima vya Shela na Hesabu ya Miaka 200

Tarehe 26 Desemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu. Mvuvi wa Lamu akiambiwa hilo tu, mengine anajijazia mwenyewe: lilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, na katika bamvua la pwani hii maji hupwa asubuhi kiasi cha saa nne, kisha hujaa alasiri kiasi cha saa kumi. Tetemeko la Sumatra, la ukubwa wa 9.1, lilipiga karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Wimbi lake likavuka Bahari ya Hindi yote na kutufikia mchana, saa nane hadi tisa baadaye, likatukuta maji yangali yanapanda. Baina ya saa saba na saa kumi siku ya bamvua bahari yetu hupanda takriban kimo cha mtu mzima. Kimo hicho ndicho tulichosamehewa siku ile.

Kenya alikufa mtu 1, kule Watamu. Tanzania walikufa angalau 10. Somalia walikufa karibu 300, wengi wao Hafun na vijiji vilivyo karibu nayo, mbali kaskazini. Bahari nzima ilichukua watu wapatao 230,000. Tangu hapo, tsunami ikitajwa barazani kwetu, jibu huwa moja: Mungu alitustiri. Nami nasema alhamdulillahi kwa moyo wangu wote. Lakini dini ile ile iliyotufundisha kushukuru ilitufundisha pia kumfunga ngamia kwanza, ndipo mtu atawakali. Miaka zaidi ya 20 imepita na sioni kama ngamia tumemfunga. Nahofia tunaikata hata kamba tuliyokuwa nayo.

Kamba hiyo ni mchanga. Nazungumzia vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, vinavyoanzia nyuma ya kijiji na kuandama ufuo wa kusini kuelekea Kipungani, kilomita kwa kilomita, vikitazamana na bahari kuu. Kila vinapotajwa katika mikutano hutajwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na ni haki. Makala haya yanataka vitajwe pia kwa jina jingine: kinga ya maafa, iliyojengwa na upepo bila gharama, ambayo hakuna serikali ya kaunti itakayoweza kuijenga upya ikishabomolewa.

Kiswahili kinatutatiza kidogo hapa, maana neno hatari tunalitumia kwa mambo mawili ambayo watafiti wa maafa ya kijiolojia huyatenga. Liko tishio lenyewe: tetemeko, wimbi, ardhi kuporomoka, chumvi kuingia kisimani. Kisha iko hatari, yaani madhara yanayoweza kutupata sisi hasa kutokana na tishio hilo. Kusi ya mwezi wa saba ni tishio lile lile kwa kila chombo kinachotoka mlango wa bahari wa Shela. Jahazi lililokalafatiwa vyema, lenye nahodha mzoefu na abiria wachache, hatari yake ni ndogo. Boti iliyojazwa mpaka maji yanalamba ukingo, bila jaketi hata moja la kuokolea, hatari yake ni kubwa, na upepo ni ule ule. Tishio la bahari hatuwezi kulipunguza hata chembe. Hatari twaweza kuipunguza, na twaweza kuiongeza, na huku kwetu mara nyingi huongezwa mezani kwa ofisa wa ardhi, kiwanja baada ya kiwanja.

Tuanze na tishio, kwa sababu wapo wanaodhani mambo ya 2004 ni ya mara moja tu. Ufa uliopasuka Sumatra ulikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 1,300, umelala kaskazini kwa kusini, na wimbi la ufa wa namna hiyo hutoka kwa nguvu zaidi ubavuni: mashariki kuelekea Thailand, magharibi kuelekea Sri Lanka na India, na mwisho wa njia hiyo, Afrika. Mabamba ya gandunia yanayokutana hapo, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, hayajaacha kusukumana. Kaskazini yetu kuna Makran, pwani ya Pakistan na Iran, ambako Novemba 1945 tetemeko la ukubwa wa 8.1 lilizua tsunami. Bahari baina yetu na huko ndiyo majahazi yalikokuwa yakishuka na kaskazi kila mwaka, na njia hiyo ni fupi kuliko ya Sumatra. Wimbi la tsunami penye kina cha mita 4,000 huenda kasi ya kilomita 700 kwa saa, kasi ya ndege ya abiria. Kwa hiyo njia ikiwa fupi, ni saa za kujiokoa zinazopungua.

Lipo la karibu zaidi. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilipiga baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na watu wa Mombasa mpaka Nairobi wakalihisi. Halikuleta wimbi la madhara. Hata hivyo lilitukumbusha kwamba chini ya bahari yetu wenyewe kuna nyufa zilizo hai, na kwamba kwenye mteremko wa bahari tetemeko lisilo kubwa sana laweza kuporomosha matope mengi mno. Papua New Guinea, Julai 1998, tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilifuatwa na mporomoko wa namna hiyo, na wimbi lake likaua watu zaidi ya 2,000 kabla hata habari hazijaondoka kijijini. Wimbi la karibu halisubiri ujumbe wa mtu.

Na kama kuna anayesema haya ni mambo ya Waasia, aende Pangani. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya uchimbaji kwenye Ghuba ya Pangani, kaskazini mwa Tanzania. Walikuta tabaka la mchanga wa baharini lenye umri wa miaka ipatayo 1,000, na ndani yake mabaki ya watu ambao hawakuzikwa kwa taratibu za mazishi. Walikuwa wakaazi wa makazi ya Waswahili wa wakati huo, na dalili zote zinaelekeza kwamba walizama. Hesabu za watafiti hao zinalirudisha wimbi lile upande wa Sumatra. Miaka 1,000 iliyopita Shanga ilikuwa ikikaliwa, Manda ilikuwa ikikaliwa. Waliokufa Pangani walikuwa watu wetu, wenye nyavu na vyungu kama vya wazee wetu, na hakuna utenzi uliotufikia unaowataja. Nikisoma habari zile nilikaa kimya kwa muda. Tunajua nasaba za masharifu mpaka babu wa ishirini, na kumbe kijiji kizima cha pwani yetu kiliondoka siku moja nasi tukakisahau.

Matope hayasahau, na ndiyo maana utafiti wa aina hii una thamani kubwa kuliko unavyogharimu. Nyuma ya mikoko ya Pate, katika vinamasi vya Kipungani, kwenye Ghuba ya Ungwana, mtu akishindilia bomba refu ardhini na kulitoa likiwa limejaa tope, anapata kitabu cha karne nyingi: tope jeusi la kila siku, na pengine, katikati yake, mstari wa mchanga mweupe wenye makombe ya baharini ambao haukupaswa kuwa hapo. Mstari mmoja ni wimbi moja, au dhoruba moja, na wanajiolojia wanazo njia za kupambanua. Vijana wetu waliosomea jiolojia wapo. Kazi hii isisubiri mgeni.

Sasa hesabu. Ndipo penye jambo ambalo nataka lieleweke barabara.

Mtaalamu akisema wimbi la kimo fulani ni "la miaka 500", hamaanishi kwamba likija leo halitarudi mpaka wajukuu wa wajukuu. Anamaanisha kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 katika 500. Mwakani nafasi ni ile ile, na mwaka wa kufuata pia. Bahari haiweki daftari la zamu. Kwa hiyo swali la ni hatari kiasi gani halina jibu mpaka uulize: kwa muda gani? Chukua wimbi hilo la miaka 500, kwa mfano tu, maana siipimi Lamu hapa. Mtu aliyekodi ufuo kwa miaka 10, nafasi ya kukutwa nalo ni kama 2 katika 100. Atainua mabega, na kwa upande wake ana haki. Lakini nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, zina miaka 200 na zaidi zikikaliwa, mtu na mama yake na bibi yake, na waliozijenga walikusudia hivyo. Kwa nyumba itakayosimama miaka 200, nafasi ya kukutwa na wimbi lile lile inafika karibu 1 katika 3.

Soma tena namba hizo mbili. Wimbi halikubadilika. Kilichobadilika ni nani anayehesabiwa. Tathmini yoyote ya hatari itakayofanywa kwa kipimo cha maisha ya mradi, miaka 10 au 25, itatuambia kwa namba safi kabisa kwamba hakuna la kuogopa, na itakuwa imesema kweli kwa mwenye mradi. Mwamu, mwenyeji wa Lamu, hana pa kuhamia mkataba ukiisha. Nataka mtafiti atakayekuja Lamu aulizwe hivi mwanzoni kabisa, kabla ya chai: umehesabu kwa miaka mingapi?

Baada ya muda, swali la pili ni nini kimesimama kati ya wimbi na watu. Hapa 2004 ilitufundisha kwa bei kubwa iliyolipwa na wengine. Sri Lanka, pale Yala, hoteli moja ilikuwa imeondoa kilima cha mchanga kilichokuwa mbele yake ili wageni waione bahari vizuri. Wimbi likaifuta. Majengo ya jirani, nyuma ya vilima ambavyo havikuguswa, yalipata madhara madogo zaidi kwa mbali. Watafiti waliokwenda kupima wiki chache baadaye waliliandika hilo waziwazi. Na pwani ya kusini-magharibi ya nchi hiyo hiyo, Hikkaduwa, penye mwamba wa matumbawe uliotunzwa, maji yalipanda mita 2 hadi 3; kilomita chache kaskazini, Peraliya, ambako matumbawe yalikuwa yamechimbwa na kuuzwa, maji yalipanda mita 10 hivi. Hapo Peraliya ndipo treni iliyojaa watu iliposombwa, wakafa watu zaidi ya 1,500. Bahari moja, wimbi moja, asubuhi moja.

Habari ya Yala huniumiza kwa sababu naiona ikiandaliwa hapa. Shela imekuwa mahali pa nyumba nzuri, na nyumba nzuri inataka kuona bahari, na kilima cha mchanga kinaziba. Kwanza hukatwa njia ya kupitisha punda wa matofali. Kisha hung'olewa yale majani yanayotambaa na kuushika mchanga, kwa sababu hayapendezi. Kisha upepo wa kusi, ambao miaka yote ulikuwa ukiujenga mchanga juu ya majani yale, unaanza kuufukua. Pengo la upana wa uchochoro katika safu ya vilima si hasara ndogo inayolingana na upana wake. Maji hutafuta penye nafasi, yakiingia pengoni huongeza kasi na kulipanua, na walio nyuma ya pengo huweza kuwa katika hali mbaya kuliko walio mahali pa wazi kabisa. Kwa hiyo ukiniambia asilimia 95 ya vilima ingalipo, nitakuuliza hiyo 5 iko wapi, na ni nani anayelala nyuma yake.

Nisiyakuze mambo kupita kiasi. Mji wa Lamu wenyewe, pamoja na barabara zake za Usita wa Mui na Usita wa Pwani, umejificha nyuma ya kisiwa cha Manda, na wazee walioweka mji hapo hawakubahatisha. Mikoko yetu, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hupunguza kasi ya maji, ingawa liko pia wimbi ambalo halitazuilika kwa mti. Manda ni ngao, mikoko ni ngao. Lakini mlango wa Shela uko wazi, na ufuo wa kusini uko wazi, na hapo kinga ni mchanga basi. Mchanga huohuo ndio ardhi yetu iliyoinuka zaidi. Siku maji yakija, vilima ndivyo vitakavyoyazuia, na vilima ndivyo tutakavyovikimbilia.

Ndani ya vilima kuna maji matamu. Mvua huchujika mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi. Kanuni yake inajulikana tangu zaidi ya miaka 100: penye utulivu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia mita 40 hivi chini yake. Sentensi hiyo isomwe pia kwa kurudi nyuma. Ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka mita 1, chumvi chini yake inaanza safari ya kupanda mita 40. Haitapanda kesho, ila ikishapanda haishuki kwa mvua ya masika moja. Na wimbi likivuka kilima likamwaga bahari juu ya visima, chumvi huingia kutoka juu pia. Sri Lanka na Maldives visima vingi mno viliharibika hivyo mwaka 2004, na watu waliookoka wimbi wakabaki wakitafuta maji ya kunywa. Ng'ambo hapo Takwa, mji wa karne za 16 na 17, kuna wanaosema wenyeji waliuhama kwa sababu maji ya visima yaligeuka chumvi. Magofu yake twayaonyesha watalii. Ingekuwa vyema tuyatazame na sisi.

Kwa hiyo kinga ya wimbi, mahali pa kukimbilia na mtungi wa maji ni kitu kimoja, na kitu hicho kinauzwa kwa futi.

Turudi kwenye saa zile nane. Baada ya 2004, Tume ya Kiserikali ya Bahari iliyo chini ya UNESCO iliratibu mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, na tangu Oktoba 2011 vituo vya India, Australia na Indonesia ndivyo vinavyotoa taarifa kwa nchi nyingine. Kenya huzipokea kupitia Idara ya Hali ya Hewa. Hapa Lamu kipo chombo cha kupima kujaa na kupwa, na mwaka 2004 kililiandika wimbi lile, kupanda kwake na kushuka kwake, huku watu wengi wa mjini wakiendelea na shughuli zao. Tarehe 11 Aprili 2012, tetemeko la 8.6 lilipopiga tena magharibi ya Sumatra, tahadhari ilitolewa kwa nchi za bahari hii, Kenya ikiwemo. Mabamba safari ile yalitelezana kwa ubavu, hayakuinua sakafu ya bahari sana, na wimbi likawa dogo. Sehemu hiyo ya kazi, ya vyombo na setilaiti, imefanywa vizuri na waliofanya wanastahili shukrani.

Pengo liko baina ya simu ya ofisi na mlango wa nyumba ya mtaa wa Langoni. Ujumbe ukifika saa nane za usiku, nani anauchukua? Muadhini anao ufunguo wa kipaza sauti; je, anayo namba ya kumpigia, na amekubaliana na nani maneno atakayoyatamka, ili watu wasidhani ni tanzia? Nahodha aliyelala baharini aambiwe nini, maana kwake usalama uko kwenye kina kirefu, na akikimbilia nchi kavu atakutwa na wimbi mahali pabaya kabisa? Watu wa Pate wanaotaka kuvuka mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamekupwa, boti zao hazipiti. Mtu asiyejua bamvua na maji mafu hawezi kuandika mpango wa kuwahamisha watu wa visiwa hivi, hata awe na shahada ngapi. Na ajue pia kwamba tsunami si wimbi moja. Bahari huendelea kuyumba kwa saa nyingi, na la pili au la tatu laweza kulizidi la kwanza; wengi hufa kwa kurudi mapema kuokota samaki na vyombo.

Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kiko karibu kabisa na mahali tetemeko la 2004 lilipoanzia. Wenyewe hawakupata king'ora chochote, na wimbi liliwafikia kwa dakika. Kati ya watu wapatao 78,000 walikufa 7. Mwaka 1907 kisiwa chao kilikuwa kimepigwa, na waliosalia walilipa jambo lile jina, smong, wakaliweka katika nyimbo na hadithi za watoto: ardhi ikitikisika sana, na bahari ikarudi nyuma, usingoje, panda mlimani. Miaka 97 baadaye watoto na watu wazima walipanda mlimani. Hapa kwetu, kwenye nchi ya tenzi, ambako bibi huweza kukusomea beti 100 kwa moyo, tungeshindwaje? Nawaomba washairi wa Lamu, na ninasema kwa dhati, watunge. Na walimu wa vyuo na madrasa wafundishe: tetemeko la muda mrefu, au bahari ikipwa ghafla wakati si wake, ni adhana ya kukimbia.

Niseme machache kuhusu Malindi, maana huko matishio ni ya polepole na hayapigi picha nzuri za habari. Mto Sabaki unabeba udongo wa bara, kuanzia milima ya karibu na Nairobi, na kuumwaga ghubani. Masika bahari ya Malindi hugeuka nyekundu, na ufuo umejaa mchanga hata hoteli zilizokuwa ukingoni mwa maji zikajikuta mbali nayo. Kaskazini zaidi, Kipini, bahari inafanya kinyume, inakula makazi. Na bara, Marafa, kuna lile korongo la rangi nyekundu na nyeupe ambalo Wagiriama huliita Nyari, mahali palipojivunja penyewe. Hadithi ni kwamba palikuwa na watu matajiri mno waliooga maziwa ya ng'ombe, Mungu akawadidimiza. Mwanajiolojia atakwambia ni mawe laini yanayomomonyolewa na mvua na upepo. Nami naona hadithi na jiolojia zinakubaliana katika jambo moja lililo muhimu: ardhi ile bado inajivunja. Kila masika ukingo unarudi nyuma kidogo, kuelekea mashamba. Kuupima ukingo huo kila mwaka kunahitaji vigingi, kamba na mwalimu wa shule ya jirani mwenye wanafunzi wadadisi. Utafiti wa hatari hauanzii kwenye maabara kila mara.

Shela nayo inayo hadithi yake ya mchanga. Wazee husimulia kwamba mji wa Hidabu ulifunikwa na mchanga, na mifupa ya vita vya Shela, vya mwanzoni mwa karne ya 19, hujitokeza vilimani upepo ukifukua. Vilima vinatembea, vinakua, vinapungua. Ndiyo maana kuvichorea mpaka mara moja kwenye ramani hakutoshi. Vipimwe kimo chake kila baada ya kusi na kila baada ya kaskazi, na vipimo vibandikwe ukutani jetini, watu wavisome kama wanavyosoma saa za maji. UNESCO inao mpango wa kutambua jamii zilizojiandaa kwa tsunami, wenye masharti 12, yakiwemo ramani ya maeneo yatakayofurika, hesabu ya wanaoishi humo, ramani ya njia za kukimbilia, vibao na mazoezi. Shela yaweza kuyatimiza. Ni kijiji cha kutembea kwa miguu, kila mtu anamjua kila mtu, na kilima kiko mgongoni.

Niliamua kuipima njia hiyo mwenyewe. Jumamosi moja ya bamvua, saa kumi alasiri, maji yakiwa yanalamba ngazi, nilisimama jetini Shela na saa mkononi, nikatembea bila kukimbia mpaka mguu wangu ulipokanyaga mteremko wa kilima na kuanza kupanda. Dakika 9. Nikafurahi. Kisha nikarudi kumchukua khalati yangu, ambaye anatembelea mkongojo na magoti yake hayamsikii, nikamwomba anionyeshe njia aliyoizoea tangu utotoni, wakati wao wakienda kuteka maji.

Alinipitisha vichochoro ambavyo mimi sivijui, kwa mkato, akisalimiana na kila dirisha. Dakika ya 11 tulikuwa tumekaribia kuliko nilivyotarajia. Niliuona mchanga juu ya paa la makuti mbele yetu. Tukapinda kona ya mwisho na kukuta ukuta. Mpya, mrefu, umepakwa chokaa vizuri, kutoka nyumba ya huku mpaka nyumba ya kule, bila mlango. Khalati aliusogelea, akauwekea kiganja kama anayempapasa ng'ombe.

"Hapa palikuwa na ndia, mwanangu," akasema.

Tulizunguka. Alipumzika mara mbili, mara ya pili kwenye daka la mlango wa watu, akaomba maji. Tulipofika mguuni pa kilima niliitazama saa. Dakika 31, na bado hajaanza kupanda.